UZI: Shokapu za mbele za pikipiki – soma hapa kabla hujanunua miguu minene ya kichwa-chini

MzeeWaSpana

Wakuu, habari za majukumu.

Haupiti muda bila mtu kuuliza: "Nimepata shokapu za mbele nene, zile za kichwa-chini (bomba nene juu, jembamba chini), zinakaa kwenye Boxer?" Nikijibu kwa mistari miwili ubishi unaanza, nikinyamaza naitwa mchoyo wa elimu. Leo naandika yote mahali pamoja, siku nyingine nitatupia linki tu.

Msimamo wangu nauweka mapema. Pikipiki nyingi zinazopiga mbele hazihitaji miguu mipya. Zinahitaji springi inayoendana na uzito wa mtu, oili sahihi kwa kiwango sahihi, na mabomba yaliyonyooka. Hivyo vitatu vikikaa sawa na bado hujaridhika, hapo ndipo tuongelee kubadilisha mguu mzima.

Nazungumzia shokapu za kawaida za Boxer, TVS HLX, Haojue, Fekon, hata AG100 na XL125 za miradi. Ukizifungua zote utakuta kitu kilekile: bomba la krome linaloingia kwenye mguu wa alumini, ndani ya bomba springi ndefu, na chini ya springi fimbo yenye uwazi katikati, iliyokazwa kwa bolti ya eleni inayotokea chini kabisa karibu na ekseli. Fimbo hiyo ina matundu. Gurudumu likipanda, oili inalazimika kupita kwenye matundu ya chini. Likirudi, inapita kwenye kitundu kidogo cha juu. Basi, hakuna vali ya kurekebisha. BMW walianza kuuza pikipiki yenye shokapu za mabomba zinazotulizwa kwa oili mwaka 1935, ile R12, na Boxer yako haijahama mbali sana na hapo.

Tatizo la matundu ni hili. Chukua bomba la sindano lenye maji, ulisukume taratibu: linakwenda. Lisukume kwa nguvu: linagoma. Ukinzani wa oili kwenye tundu hukua kwa mraba wa kasi, maana yake kasi ikiwa mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne. Ndiyo maana ukishika breki, ambapo shokapu inazama kwa mwendo wa wastani, pua inakwenda chini bila kipingamizi cha maana. Lakini gonga ncha ya jiwe au tuta la ghafla, oili inakataa kupita na pigo lote linakuja kwenye viganja. Kasoro zote mbili zimo ndani ya shokapu moja, kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo fundi anayekwambia "weka oili nzito pua isizame" anakupunguzia homa kwa kukuongezea kikohozi.

Oili

Hapa ndipo pesa ndogo inaleta mabadiliko makubwa, na ndipo panapoharibiwa zaidi. Mafundi wengi wanamimina oili ya injini, 20W-50, kwa sababu ipo mezani. Namba ya chupa ya injini na namba ya chupa ya oili ya shokapu hazisomwi kwa ngazi moja. Oili ya shokapu ya 10W kwa nyuzi joto 40 huwa na uzito wa sentistoki (kipimo cha uzito wa oili, inavyopita kwa ugumu) thelathini na kitu. 20W-50 ya injini kwa joto hilohilo inapita 150. Umeweka kitu kizito zaidi ya mara nne. Shokapu inakaza kwenye kokoto, na mbaya zaidi inachelewa kurudi: ukipita kwenye matuta madogo yanayofuatana, kila tuta linaikuta shokapu bado iko chini, inazidi kushuka mpaka inaishiwa nafasi ya kucheza. Wewe unasema springi imekufa, kumbe oili imeishikilia.

Hata 10W ya kampuni hii na 10W ya kampuni ile hazilingani. Ukiweza soma nyuma ya chupa, tafuta sentistoki kwa nyuzi 40, ulinganishe hiyo.

Ukikosa kabisa oili ya shokapu, tumia ATF, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Dexron III inacheza kwenye sentistoki 35 hivi, yaani jirani kabisa na 10W. Wala si ujanja wa kijiweni. Vitabu vya zamani vya Honda viliandika ATF wazi kabisa kuwa ndiyo oili ya shokapu za mbele. Inapatikana vituo vingi vya mafuta.

Kiwango nacho. Watu wanapima kwa kikombe cha chai. Kipimo cha uhakika ni nafasi ya hewa: toa springi, zamisha bomba mpaka mwisho, pampu taratibu mara kadhaa hewa iliyonasa itoke, kisha pima kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Kama una kitabu cha pikipiki yako fuata namba yake. Kama huna, mimi huanza na milimita 140. Hewa ile inabanwa shokapu inapozama, nayo inafanya kazi ya springi ya pili mwishoni mwa safari (umbali wote ambao shokapu inaweza kuzama). Oili ikipanda, hewa inapungua, mwisho wa safari unakuwa mgumu zaidi. Kwa hiyo kama pikipiki ni nzuri kote ila inagonga mwisho kwenye mashimo makubwa tu, usiguse springi. Panda na oili milimita 10 kwa 10. Usizidishe, hewa ikiwa finyu mno sili (mpira unaozuia oili kuvuja) ndiyo inalipa.

Springi

Pima kwanza. Funga kebo tai kwenye bomba la krome, ikae juu ya sili ya vumbi. Mmoja ashike pikipiki, wewe ukae na kofia yako na mzigo wako wa kila siku, miguu juu, bila kuruka-ruka. Shuka polepole, inua pua gurudumu liachie ardhi, pima kebo tai imesogea kiasi gani. Huo ndio mzamo wako. Kwenye lami uwe chini kidogo ya theluthi ya safari yote ya shokapu, kwenye rafu rodi uifikie theluthi. Shokapu yenye safari ya milimita 120, mzamo wa 35 hadi 40 ni wa kistaarabu. Ukipata 60, nusu ya shokapu umeshaila kabla hujaondoka nyumbani.

Dawa inayokimbiliwa ni kuweka spesa, yaani kipande cha bomba la PVC au washa, juu ya springi. Kinasaidia, lakini jueni kinachofanya: kinainua pua tu. Ugumu wa springi haubadiliki hata chembe. Kama ilihitaji kilo 50 kuzama sentimita fulani, baada ya PVC kila sentimita inayoongezeka bado inahitaji uzito uleule. Ukiona umejaza spesa ndefu mpaka mzamo umekaa sawa lakini pikipiki ikiwa tupu imesimama juu kabisa bila kuzama hata kidogo, springi yenyewe ni laini mno kwako.

Springi ngumu zaidi unaipata kwa njia mbili. Ya kwanza kununua iliyotengenezwa kwa uzito wako, ambayo kwa pikipiki zetu ndogo ni kutafuta sana. Ya pili kukata. Ndiyo, kukata. Ugumu wa springi unakwenda kinyume na idadi ya koili zinazofanya kazi. Yenye koili 50 ukikata 5, inabaki 45, na 50 gawanya kwa 45 ni 1.11, umeongeza ugumu kwa asilimia 11. Urefu uliotoka unaurudisha kwa spesa. Masharti: kata kwa grenda huku unapoza kwa maji, usimpe mtu wa kuchomelea aikate kwa gesi, kwa sababu joto linaua chuma cha springi. Kata upande wa koili zilizosongamana. Weka washa nene kati ya springi na spesa ili ncha iliyokatwa isile PVC. Na kabla ya kufunga, jumlisha nafasi zote kati ya koili: lazima zizidi safari ya shokapu pamoja na mkandamizo wa spesa, la sivyo koili zitagusana na springi itageuka gongo. Kata kidogo, jaribu, kata tena. Kurudisha hakuna.

Mabomba na kufunga

Bomba lililopinda haliponi kwa oili wala springi. Lilaze kwenye kioo kinene, livingirishe, angalia mwanga unapita wapi. Vitabu vingi vya Kijapani vinaweka kikomo cha kupinda milimita 0.2, kiasi ambacho jicho la kawaida kijiweni halikioni, kwa hiyo ukikiona kwa jicho ujue kimeshapita. Kunyoosha kwa presi inawezekana kama pindo ni dogo na krome haijapasuka. Krome ikikunjamana, nunua jingine.

Kwenye kufunga, usikaze ekseli na vishikio vyake vyote kwa pamoja. Kaza ekseli, shusha pikipiki, shika breki ya mbele uipampu pua mara kadhaa, miguu ijipange yenyewe, ndipo umalizie bolti ya kubana upande mmoja. Shokapu nyingi zinazosemwa "ngumu" zimebanwa tu zikakaa upogo.

Na wale mnaong'oa madigadi ya mbele kwa sababu ya tope: kile chuma cha madigadi kinafunga mguu wa kushoto na wa kulia viende pamoja. Miguu yetu ni myembamba, ukikitoa kila mguu unacheza ngoma yake. Pandisheni madigadi juu mkitaka, lakini chuma kibaki.

Naomba kuwasilisha. Maswali yaje.

---

Kiraka_Jr

Mkuu umeshusha madini. Ila mimi bado moyo uko kwenye kichwa-chini. Kuna jamaa hapa Dar amefunga kwenye TVS, imesimama kibabe sana. Huoni zina faida?

MzeeWaSpana

Zina faida, nani amekataa? Bomba nene limeshikwa juu, penye nguvu nyingi ya kupindisha, kwa hiyo pua haipepesuki ukishika breki kali ukiwa na mwendo. Kwenye pikipiki ya mashindano hilo ni kubwa. Wewe unapita Mbagala saa kumi na moja jioni, unashika breki kali ya aina gani?

Sasa hesabu kazi. Utahitaji T inayoshika miguu, nguzo yake ya katikati iendane na beringi za fremu yako kwa kipenyo na kwa urefu, isipoendana unakwenda kwa mkereza. Utahitaji ekseli, rimu au bushi za kukereza, breki yake, na kebo ya spidi itakosa pa kukaa. Halafu urefu. Pua ikipanda milimita 25 kwenye pikipiki yenye mita 1.35 kati ya ekseli na ekseli, usukani unalala nyuma karibu digrii moja. Inanyooka vizuri barabara kuu, inakuwa nzito kwenye kona na kwenye foleni. Stendi ya pembeni nayo inakuwa fupi. Na ukipinda usukani mpaka mwisho, mguu mnene unaweza kugonga tangi, maana vizuizi vya usukani vilipimwa kwa miguu myembamba.

Jambo la mwisho: kwenye kichwa-chini sili iko chini, kwenye vumbi na kokoto. Ikipasuka, oili inashukia moja kwa moja kwenye breki.

Halafu ukishafunga zote hizo, springi iliyomo ndani ilipimwa kwa pikipiki nyingine, ya uzito mwingine. Utarudi hapahapa kupima mzamo.

Kiraka_Jr

Hapo kwenye tangi umenigusa. Ya jamaa imebonyea kweli pande zote mbili, nikadhani ni ajali 😂

BodaMbezi

Mkuu mimi nabeba abiria, na siku nyingine mishikaki, usinihukumu. Si lazima niweke springi ngumu sana mbele?

MzeeWaSpana

Sikuhukumu, trafiki atanisaidia.

Uzito wa abiria karibu wote unaangukia nyuma. Anakaa karibu juu ya ekseli ya nyuma, wa tatu ndiyo kabisa. Mbele inaongezeka kidogo ukiwa umesimama, inaongezeka sana ukishika breki tu. Ukikaza mbele kupita kiasi, ukiwa peke yako itakurusha kila shimo na tairi litakosa kushika barabara. Wewe anza na shokapu za nyuma. Zikiwa zimechoka, mkia unazama, pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi na unayumba. Watu wanalaumu mbele wakati ugonjwa uko nyuma. Nyuma ikisimama sawa, mbele ongeza spesa ndogo na oili milimita 10, inatosha.

nduthi_ya_Naks

Salamu kutoka Nakuru, wakubwa. Huku fundi mmoja alitaka kuniwekea oil seal mbili kila upande, moja juu ya nyingine, ati ndiyo isivuje tena. Ni sawa?

MzeeWaSpana

Karibu jirani. Mwambie aache. Sili mbili ni msuguano mara mbili, shokapu inagoma kuanza kucheza kwenye vijituta vidogo, na mara nyingi klipu ya waya haipati tena pa kukaa. Sili haivuji kwa upweke, inavuja kwa sababu kuna kinachoikata. Pitisha ukucha kwenye krome, hasa sehemu inayoingia na kutoka kila siku. Ukihisi kikwaruzo au kutu, piga msasa laini sana wa maji, kwa kuzungusha na siyo kupandisha na kushusha. Shimo la kutu lijaze gundi ya chuma ya sehemu mbili, ikikauka isawazishe. Vilevile bushi (pete zinazoongoza bomba ndani ya mguu): zikilika, bomba linatikisika ndani ya sili, na hapo utabadilisha sili mpaka uchoke.

Kabla ya yote hayo, jaribu kusafisha. Inua sili ya vumbi, chukua plastiki nyembamba isiyo na makali, ipitishe kati ya bomba na sili uzungushe. Mara nyingine ni punje moja ya mchanga tu.

nduthi_ya_Naks

Nimeona kutu, juu kidogo ya seal. Shukran sana mkubwa.

BibiShamba_Njombe

Kaka MzeeWaSpana, yangu ya kazini ni AG100, ina ile mipira ya kukinga vumbi. Nilidhani imenilinda, juzi fundi kaivua tukakuta kutu ndani. Bora niitoe kabisa?

MzeeWaSpana

Hapana dada, iache. Kwa barabara za huko mpira unaokoa sili kuliko kitu kingine. Ila masika unashika maji na tope ndani. Legeza kibano cha chini uisukume juu, futa bomba, paka oili kidogo kwa kitambaa, rudisha. Angalia na kitundu cha kupumulia kisizibe, na mpira usiwe na mpasuko upande wa nyuma usikoona. Ukiosha pikipiki kwa mashine ya presha usielekeze hapo.

Fundi_Gerezani

Nikubishie kidogo mzee mwenzangu. Hiyo 20W-50 unaisema vibaya, lakini mteja akiondoka na ATF anarudi kesho: "fundi umenilainishia pua." Oili ya injini wanaipenda, hawarudi.

MzeeWaSpana

Nakuelewa, na wewe unalinda kijiwe. Lakini huyo anayerudi springi yake imelala, oili nzito ilikuwa inaficha. Mpimie mzamo mbele ya macho yake, aone kebo tai imefika wapi. Mwekee spesa pamoja na ATF. Akisema bado laini, nenda 15W. Zaidi ya hapo kwenye matundu yale sikubaliani na wewe hata tukikaa kwenye kahawa.

Fundi_Gerezani

Kwenye 15W tumekutana. Ila niongeze moja umelisahau: wengi wanaoleta "shokapu inagonga" kumbe ni beringi za usukani. Inua gurudumu la mbele, shika miguu chini, vuta na sukuma. Ikicheza, kaza au badilisha. Na usukani ukizungusha ukakwama katikati, gololi zimeshachimba vikombe. Anayeweza aweke beringi za roli za mshazari badala ya gololi, zinadumu zaidi.

MzeeWaSpana

Kweli kabisa, hiyo ingekuwa ya kwanza kwenye orodha. Msikaze sana lakini. Gurudumu likiwa hewani, usukani uangukie upande wenyewe ukiugusa.

Safari_DR

Mimi nina DR650, napiga safari ndefu. Kuna vali za emuleta za Race Tech, zinafaa?

MzeeWaSpana

Kwako ndiyo, hapo pesa ina maana. Ile vali inakaa juu ya fimbo, chini ya springi, ina kisahani kinachoshikiliwa na kispringi kidogo. Shokapu ikizama kwa mwendo mdogo inabana, ikipigwa ghafla kisahani kinafunguka oili ipite. Yaani inatatua ule ugomvi wa mraba niliousema mwanzo. Lakini lazima matundu ya chini ya fimbo yatobolewe yawe makubwa na yaongezwe, ili kazi yote ifanywe na vali, na ukishatoboa hakuna kurudi. Kurudi kwa shokapu bado kunategemea uzito wa oili. Springi weka za uzito wako siku hiyohiyo, usilipie kufungua mara mbili. Na spesa ipunguze kwa unene wa vali, wengi wanasahau wanajikuta na pua iliyokaza.

Kwa Boxer ya biashara, hiyo hela nunua tairi nzuri ya mbele.

BodaMbezi

Swali la mwisho mkuu. Mguu mmoja ukivuja, naweza kubadilisha oili upande huo tu?

MzeeWaSpana

Sili ya upande huo tu, sawa. Oili badilisha zote mbili, chupa moja, nafasi ya hewa ilingane kwa milimita. Na ukiimwaga ile ya zamani iangalie kwenye bakuli jeupe. Ikiwa na unga unaong'aa, agiza bushi kabisa kabla hujafunga.

BodaMbezi

Nimemwaga sasa hivi. Inang'aa.

MzeeWaSpana

Pole. Nenda na bushi ya zamani mkononi dukani, usinunue kwa jina la pikipiki tu.